Kashata, kisukari na sindano ya nimonia

Juzi jioni, barazani kwa muuza kahawa hapa Ngamiani, Tanga, mzee mmoja jirani yangu alinidaka kabla sijamaliza shikamoo. "Marahaba. Wewe si unafanya kazi maabara? Mkamwana wangu katoka kliniki na mtoto wa wiki sita, kachomwa sindano kila paja. Nasikia moja wapo ina sukari. Na sisi ukoo wetu, mwanangu, una kisukari."

Hakudanganywa, sukari imo. Kosa lake ni kudhani ni hii ya miwa. Bakteria wa nimonia hujivika koti laini lililosukwa kwa minyororo mirefu ya sukari, na seli za ulinzi zikitaka kummeza huteleza kama zimeshika mlenda. Chanjo huutambulisha mwili koti hilo, likiwa limefungwa kwenye protini, bila bakteria hai ndani yake. Dozi ya chanjo inayolenga aina 13 za bakteria huyu, iliyoanza kutolewa nchini mwanzoni mwa 2013, ina mikrogramu 31 hivi za sukari hiyo. Kijiko kimoja cha sukari ya chai kina uzito unaotosha dozi zaidi ya laki moja. Kisukari hakiji kwa njia hiyo.

"Kama ni koti, si wampe koti tu? Protini ya nini?" Swali zuri kuliko alivyojua. Mtu mzima akipewa koti peke yake hutengeneza kingamwili. Mtoto wa chini ya miaka miwili, karibu hapana. Seli B zake, zile zinazotengeneza kingamwili, huiona sukari, lakini zinahitaji msaada wa seli T, na seli T hazisomi sukari, husoma vipande vya protini. Sukari ikifungwa kwenye protini, seli B humeza vyote viwili, huzionyesha seli T kipande cha protini, nazo huja kusaidia. Wanasayansi Oswald Avery na Walther Goebel walionyesha wazo hilo kwa sungura tangu 1929. Chanjo ya kwanza ya namna hii kwa watoto, dhidi ya Hib, bakteria mwingine anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, iliidhinishwa Marekani 1987. Miaka karibu sitini!

Muuza kahawa akadakia kwamba basi ni kuchanganya tu. Nikainua kashata yake. Karanga na sukari zikikaa sahani moja hiyo si kashata, mpaka zishikane. Wanakemia nao hufungua sehemu chache za mnyororo wa sukari kwa kemikali, kisha huzibana kwenye protini kwa kifungo kisichoachia. Wakiukatakata mno, sura ya koti hupotea, na mwili hujifunza nguo isiyovaliwa na bakteria yeyote. Mimi naona ufundi wote uko hapo.

Protini ya aina zote 13 inatokana na sumu ya dondakoo, na hilo nalo lilimtisha mzee. Imebadilishwa asidi amino moja tu, ikapoteza makali yake. Wala haihesabiwi kuwa chanjo ya dondakoo. Hiyo mtoto anaipata paja la pili, pamoja na kifaduro, pepopunda, homa ya ini na Hib.

"Basi kichomi ndiyo kwaheri." La. Aina za bakteria huyu zinazojulikana zimepita 100, chanjo imechagua 13 zilizokuwa zikisumbua sana, na virusi pia huleta nimonia. Mtoto akihema haraka na kifua kikibonyea anapovuta pumzi, ni hospitali usiku huohuo, kadi ya kliniki ijae isijae.

Akaniuliza tarehe ya sindano zijazo. Wiki ya kumi, nikamwambia, mapaja yote mawili. Na ile Hib ya paja la pili, mzee wangu, nayo ni sukari iliyofungwa protini vilevile.

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika.