Tumbo tupu saa kumi na moja alfajiri: maswali na majibu kuhusu kula kabla ya mazoezi

Kila Jumamosi kikundi chetu cha joging hukutana saa kumi na moja na nusu alfajiri kando ya kituo cha mafuta, hapa Dar es Salaam. Kabla ya kuanza kuimba na kukimbia kuna dakika kumi za kunyoosha viungo, na ndizo dakika ambazo mimi niliyesomea lishe hugeuzwa zahanati ya bure. Mmoja kaja na ndizi mfukoni, mwingine hajatia kitu kinywani tangu magharibi na anajivunia, wa tatu bado anabeua wali wa jana. Wananiita dokta. Si daktari, nimekwisha kusema mpaka nimechoka. Maswali yanayojirudia zaidi ni haya, na safari hii nayajibu nikiwa nimekaa, siyo nikihema.

Dokta, kwani ni lazima kula kabla ya mazoezi ya alfajiri?

Si lazima. Inategemea unakwenda kufanya nini na kwa muda gani.

Mwili huweka akiba ya wanga katika umbo liitwalo glaikojeni, na akiba hiyo iko sehemu mbili. Kwenye ini kuna kama gramu 100 hivi kwa mtu mzima aliyekula vizuri, na kwenye misuli kuna gramu 400 au zaidi. Fikiria nyumba ya wapangaji. Ini ni tangi la juu ya paa: maji yake ni ya nyumba nzima, na usiku kucha, wewe ukiwa umelala, ubongo unaendelea kuyachota. Misuli ni ndoo ya chumbani kwa mpangaji: kilichomo ni chake, hamgawii jirani. Ndiyo maana ukiamka asubuhi tangi la paa limeshuka sana lakini ndoo za chumbani bado zimejaa, alimradi jana zilijazwa.

Kwa hiyo ukitembea kwa haraka au kukimbia polepole kwa dakika 30 hadi 45, glasi ya maji inatosha na hutaanguka. Ukienda zaidi ya saa moja, au ukifanya kitu kikali kama mbio za kasi, kupanda kilima au vyuma vizito, weka kitu kidogo tumboni. Na kama wewe ni mtu wa kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kuona giza ukikaa na njaa, usishindane na mtu. Kula.

Nile nini hasa, na muda gani kabla?

Wanga mwepesi, kidogo, nusu saa hadi saa moja kabla. Ndizi mbivu moja ya wastani ina gramu 25 hivi za wanga na inajibeba yenyewe, haihitaji sahani wala kuwasha jiko. Tende tatu au nne zinafanya kazi hiyohiyo. Slesi mbili za mkate zilizopakwa asali au jamu kidogo, kikombe cha uji mwepesi, au kipande cha kiazi kitamu kilichobaki jana, vyote vinafaa. Hapa ndipo penye jambo linalowashangaza watu: sisi watu wa lishe tunaohubiri mkate wa ngano isiyokobolewa mchana kutwa, saa kumi na moja alfajiri tunakwambia kula ule mweupe. Nyuzinyuzi ni nzuri, lakini hukaa tumboni, na wewe unataka tumbo lililomaliza kazi yake kabla hujaanza yako.

Kwenye mafunzo ya wanariadha kuna kanuni ya gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya uzito, ukila saa moja kabla. Mtu wa kilo 65 anahitaji gramu 65, yaani ndizi mbili na slesi moja ya mkate. Hiyo ni kwa anayekwenda kujitesa. Kwa joging yetu ya kilomita sita na nyimbo, nusu yake ni nyingi. Mlo kamili unataka saa tatu au nne kabla, na sijaona mtu wa kuamka saa nane usiku kupakua wali.

Mimi nikila ndipo naumwa kichomi. Afadhali nisile?

Umekula nini? Hilo ndilo la kuuliza kwanza.

Nikupe langu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kikundi niliamka mapema kwa hamu, nikakuta chapati mbili na maharage ya jana kwenye bakuli. Nikapasha, nikala, nikanywa na chai ya maziwa. Saa kumi na moja na nusu niko mstari wa mbele naimba. Kilomita ya pili sauti ilikwisha, nikawa nimeshika ubavu wa kulia kama niliyechomwa kisu, na maharage yananipandia kooni. Nilimalizia njia kwa miguu nikiwa nyuma ya gari la kubeba maji, na wale watoto wa barabarani hawakunisamehe.

Kosa halikuwa kula. Mafuta ya chapati huchelewesha tumbo kusukuma chakula kwenda kwenye utumbo, na nyuzinyuzi za maharage zinaongeza ucheleweshaji, kisha zikifika utumbo mpana zinatengeneza gesi. Ukianza kukimbia, damu inakimbilia misuli ya miguu na tumbo linaachwa na kazi nusu. Maandazi, vitumbua na sambusa vimo kwenye kundi hilohilo la mafuta. Maziwa nayo, watu wazima wengi wa kwetu hawameng'enyi vizuri sukari yake, na kutikisika barabarani kunaleta ushahidi hadharani. Kichomi chenyewe huwapata zaidi waliokula sana au waliokunywa vitu vya sukari nyingi muda mfupi kabla ya kukimbia. Jaribu nusu ndizi siku ambayo si ya mashindano, uone tumbo lako linasemaje. Wiki ijayo ongeza.

Usiku sili, nakula tunda tu ili nipungue. Mbona asubuhi miguu haina nguvu?

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu karibu kila anayeniuliza kuhusu asubuhi anaumwa na jioni. Chakula cha mazoezi ya alfajiri huliwa usiku uliotangulia. Ile ndizi ya saa kumi na moja ni kuongeza maji kwenye tangi la paa tu. Ndoo za chumbani hazijazwi kwa nusu saa, zinajazwa na ugali, wali, viazi, ndizi za kupika au mihogo uliyokula jana mchana na jioni, na kazi ya kuzijaza inaendelea ukiwa usingizini.

Vijana hunijibu kwamba wale wakimbiaji wa Kenya wanakimbia bila kula. Ni kweli, na ndiyo mfano wangu. Kule Iten, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi juu ya bahari, utawaona makundi kwa makundi barabarani saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kifungua kinywa. Lakini tazama wanachokula muda uliobaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wakimbiaji kumi wa Kenya wa kiwango cha juu kwa wiki moja, ukipima kila kinachoingia mdomoni. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, na ugali ulikuwa na sehemu kubwa. Wakirudi asubuhi walikunywa chai ya maziwa yenye sukari. Hawa wanaondoka na tumbo tupu lakini ndoo zimejaa pomoni. Sisi tunaiga tumbo tupu, sahani ya ugali tunaiacha Iten.

Hivyo kula chakula cha jioni. Kama unataka kupungua, punguza mafuta ya kukaangia na soda, bakiza sehemu ya wanga kiasi cha ngumi yako au zaidi kidogo, weka mboga na samaki au maharage, na ule mapema, saa moja au saa mbili usiku. Maharage ya saa mbili usiku hayana ugomvi na mtu saa kumi na moja.

Lakini si wanasema ukikimbia bila kula unachoma mafuta zaidi?

Wakati ule unapokimbia, ndiyo, mwili bila chakula hutumia mafuta kwa sehemu kubwa zaidi. Tatizo ni kwamba siku ina saa 24 na mwili unasawazisha baadaye. Mwaka 2014 ulitoka utafiti mdogo wa wanawake vijana 20 waliofanya mazoezi ya saa moja mara tatu kwa wiki, kwa wiki nne, nusu wakiwa wamekula na nusu hawajala. Wote walikuwa kwenye mpango mmoja wa kupunguza chakula. Wote walipungua, na haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Kwa hiyo chagua linalokufaa tumbo. Nikiona mtu amekimbia bila kula kisha saa nne yuko kwenye chipsi mayai kwa njaa, najua hesabu imekwenda upande gani.

Na maji ya ndimu ya vuguvugu hayayeyushi kitambi. Ni maji. Kunywa kama unayapenda.

Kahawa je? Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu?

Kahawa inasaidia kweli, wanariadha wanaitumia. Kafeini hufika kileleni kwenye damu kati ya nusu saa na saa moja baada ya kunywa, na kikombe kimoja au chai ya rangi iliyokolea kinatosha kufungua macho. Ila kahawa inaamsha na utumbo mpana. Inywe nyumbani, umalizane na choo, ndipo uvae viatu.

Vinywaji vya nguvu sivipendi alfajiri. Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina miligramu 80 hivi za kafeini, pungufu ya kikombe kikubwa cha kahawa, pamoja na gramu 27 za sukari. Moja halitakuua. Nimeshaona kijana akifungua la pili kabla ya jua kutoka, mikono inatetemeka, na moyo wake ukaanza mbio kabla yake. Mwenye presha au moyo wa kurukaruka asiyaguse.

Maji kiasi gani?

Glasi moja au mbili ukiamka. Ukienda haja ndogo ukaona mkojo wa rangi ya majani makavu, rangi hafifu, uko sawa. Ukiwa kama chai ya rangi, ongeza. Kujijaza lita mbili kwa mkupuo ni kutafuta kichomi.

Mama yangu ana kisukari na anataka kutembea na sisi. Atoke bila kula?

Muulize kwanza anatumia dawa gani. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, sukari yake inaweza kushuka ghafla akitembea na tumbo tupu. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Mama apime kabla ya kutoka. Kwa wenye insulini au vidonge vya aina ile, kipimo kikiwa chini ya 5.0 (namba zote hapa ni za mashine inayosoma mmol/L) ale kwanza gramu 15 hadi 30 za wanga, yaani ndizi moja au slesi moja mbili za mkate. Kikiwa chini ya 3.9 asitoke kabisa: apewe vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari au glukosi kwenye maji, asubiri dakika 15, apime tena. Kikizidi 13.9 na anajisikia vibaya, ana kiu kali au kichefuchefu, siku hiyo ni ya kliniki, si ya mazoezi.

Atembee na pipi au glukosi mfukoni, na anayetembea naye ajue dalili: kutetemeka, jasho baridi, maneno kuchanganyika, hasira isiyo na sababu. Hiyo ya mwisho watu huipuuza, wanasema mama kaamka vibaya. Akiwa bado anaweza kumeza, sukari mdomoni kwanza, lawama baadaye. Akizimia, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mumkimbize hospitali. Na dozi asipunguze mwenyewe kwa sababu ameanza mazoezi, hilo ni la daktari wake.

Nina vidonda vya tumbo.

Ruka kahawa, machungwa na ndimu alfajiri. Uji mwepesi au slesi ya mkate, dakika 40 kabla. Usitumie dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni ili ukimbie vizuri, tena tumboni hamna kitu. Hizo ndizo zinazochimba.

Mwezi wa Ramadhani nafanyaje?

Ukikimbia baada ya daku utabaki na kiu kutoka alfajiri hadi magharibi, na joto la Dar unalijua. Wengi wetu tunahamisha mazoezi: matembezi mepesi ya nusu saa kabla ya futari, ili tende na maji visubiri mwisho wa njia, au mazoezi yenyewe baada ya tarawehe.

Tukirudi tule nini?

Ndani ya saa moja au mbili pata wanga na protini pamoja: mayai mawili na mihogo ya kuchemsha, au uji wa ulezi na karanga. Protini ya gramu 20 hadi 30 inatosha, na yai moja lina kama sita, kwa hiyo mayai mawili yanahitaji msaidizi, glasi ya maziwa au karanga kiganja. Kikundi chetu hakina subira ya kufika nyumbani. Nyuma ya kituo cha mafuta kuna mama wa supu, saa moja na nusu sufuria linafuka na ndimu zimeshakatwa. Nyama gramu 100 iliyoiva ina protini 25 hivi, mchuzi unarudisha maji na chumvi iliyotoka kwa jasho. Wenye presha wamwambie asiwaongezee chumvi. Mimi huagiza na chapati mbili.