Bibi anatusahau, ukili hausahau

Ukimwamkia bibi yetu wa Ngamiani, anaitikia vizuri tu: "Marahaba mwanangu. Wewe mtoto wa nani?" Unamwambia. Baada ya muda kidogo anakuuliza tena. Lakini mwekee miyaa mapajani: vidole vinaanza kusuka ukili huku macho yake yako barabarani, yanafuata baiskeli zinazopita. Akikosea anafumua, anarudia. Ndiyo maana kuna majirani wanaosema anajifanyisha.

Hajifanyishi. Kumbukumbu ya muda mrefu si kapu moja. Wanasaikolojia huigawa kwanza mafungu mawili: ile unayoweza kuikumbuka kwa kujua na kuisimulia, na ile inayojionyesha kwenye vitendo tu.

Hiyo ya kwanza, mwanasaikolojia Endel Tulving aliichambua zaidi mwaka 1972. Kuna kumbukumbu ya matukio: mvua iliyonyesha siku ya harusi yako, nani alikuja, ulikaa wapi. Kuna na kumbukumbu ya maarifa: unajua Muungano ulikuwa 26 Aprili 1964, ila siku uliyofundishwa hivyo, na mwalimu alivaa nini, huna habari nayo. Tukio limetoka, maarifa yamebaki. Bibi hakumbuki nilikuja juzi, ila muulize pilau inatiwa nini, atakutajia viungo vyote.

Fungu la pili ndilo la vidole vyake. Ushahidi unaojulikana sana ni wa Mmarekani Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alipasuliwa ubongo ili kutibu kifafa, akaondolewa pande zote mbili sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohifadhi matukio mapya. Tangu hapo matukio mapya hayakumkaa kichwani. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota akiangalia mkono wake kwenye kioo tu. Jaribu mwenyewe, utaona mkono unavyokataa! Kila siku Molaison alichora vizuri zaidi, na kila siku aliona kazi hiyo ni ngeni kwake. Ustadi uliingia kwa mlango mwingine: unategemea zaidi serebelamu, ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma kwa chini, na sehemu nyingine za ndani ya ubongo, si hipokampasi.

Humo humo kuna mazoea ya mwili. Muuza kahawa akipita akigonganisha vikombe, mate yanakujaa kabla hujamwona, na kashata umeshaifikiria. Hukukaa chini kujifunza hilo.

Kwa wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer, hipokampasi ni miongoni mwa sehemu zinazoharibika mapema, kwa hiyo mara nyingi matukio ya karibuni hutangulia kupotea. Maarifa humomonyoka taratibu, na ustadi wa mikono unaweza kudumu muda mrefu zaidi. Hata hivyo si kila mzee anayesahau ana ugonjwa huo. Hilo ni la daktari kusema, si la jirani wala mimi.

Jana nilimwomba bibi anieleze ukili unaanzwaje. Akafungua kinywa, akafikiri, maneno hayakuja. "Unachukua hivi... halafu hivi..." Mwishowe akaninyang'anya miyaa, akaanza mwenyewe. Nilipoondoka ulikuwa umefika urefu wa mkono.