Kwa nini gitaa likivuka bahari kuja Unguja hupanda sauti badala ya kushuka?

Mpiga gitaa wa kusafiri habebi mengi: kasha la gitaa, begi la nguo, seti mbili za nyuzi za akiba na namba za simu za watu wa hotelini. Wiki hii yuko Dodoma, wiki ijayo anapiga hotelini Nungwi au Paje, na Februari akibahatika anapanda jukwaa la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe. Anashuka bandarini Malindi, anafika chumbani, analala. Kesho yake anafungua kasha na kukuta nyuzi zote sita haziko alipoziacha.

Kwa miaka mingi sababu nilikuwa nayo, tena niliitoa bila kuombwa: hewa ya bahari ina maji, maji hulegeza, kwa hiyo nyuzi zimelegea. Siku moja nilimpa darasa hilo mgeni mmoja tuliyekaa naye barazani huku akityuni. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akaligeuza gitaa nione kifaa cha kutyuni alichokibana kwenye kichwa cha gitaa. "Mdogo wangu, tazama sindano imelala wapi." Imelala kulia, yaani juu. Nyuzi zilikuwa zimekaza, na vigingi hakuna aliyevigusa.

Kosa langu lilitoka kwenye ngoma. Kila aliyehudhuria ngoma wakati wa masika amewaona wapigaji wakiwasha moto na kuelekeza ngozi kwenye joto lake kabla ya kuanza. Ngozi ikinywa unyevu hulegea na mlio wake huwa mzito. Ikipashwa hukauka, ikakaza. Mimi nikaichukua sheria ya ngozi nikaivisha chuma. Lakini uzi wa chuma haunywi maji. Ulaze ndani ya ndoo usiku kucha, utatoka na kutu, hautatoka na urefu. Hata chumvi ya baharini, niliyoisingizia mengi, kazi yake kubwa ni kuula uzi mpaka usikike kama umefunikwa blanketi.

Kwenye gitaa mnywaji ni ubao. Mafundi wengi huunda magitaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50, ilhali hapa kwetu mara nyingi unazidi 70. Mbao ni kama fungu la mirija myembamba iliyogandishwa pamoja: ikinywa unyevu, kila mrija hunenepa lakini karibu haurefuki. Ndiyo maana mlango wako wa chumbani hugoma wakati wa masika. Hukwama pembeni, kwenye fremu, kwa sababu umepanuka upana. Urefu wake ni uleule.

Sasa lilaze gitaa mbele yako. Ubao wa mbele una unene wa milimita tatu hivi, na mirija yake inakwenda sambamba na nyuzi. Unataka kupanuka kwenda kushoto na kulia, lakini kingo zake zimegandishwa kwenye mbavu za gitaa, na kwa ndani umeshikwa na vijiti vilivyopita mkingamo. Chukua mkeka mpana kidogo kuliko chumba, uutandike kwa nguvu ukuta kwa ukuta. Hauna pa kwenda ila juu, utaota tumbo katikati. Ubao nao huota tumbo, na juu ya tumbo hilo ndipo lilipokaa daraja linaloshika nyuzi. Daraja likiinuka, nyuzi huvutika.

Kinachonishangaza mpaka leo ni udogo wa mvuto wenyewe. Uzi mwembamba kabisa wa chuma, wenye urefu wa sentimita 65 kati ya nguzo zake mbili, ukityuniwa unakuwa umerefuka kwa milimita tano tu au pungufu kidogo. Ukiongeza nusu milimita, sawa na unene wa kucha, umeshapanda nusu toni, yaani freti nzima (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gitaa). Gitaa lililosafiri kwa kawaida halifiki huko, lakini robo ya kiasi hicho inatosha kumkunja uso mpiga fidla aliye jirani.

Si kila gitaa lina tabia hii. Yale ya mbao za tabaka hujongea kidogo, na yale ya umeme yenye mwili mzima wa ubao usio na uvungu karibu hayana habari. Nyuzi za nailoni nazo zina mambo yake: zenyewe hunywa unyevu kidogo na kulegea, hivyo uzi na ubao huvutana kila mmoja kwake.

Joto nalo huingia kati, na ndilo lililonifanya nidhani niko sahihi kwa muda mrefu hivyo. Ukilitoa gitaa chumbani kwenye kiyoyozi ukaliweka jukwaani ufukweni, chuma hupata joto ndani ya dakika chache na kurefuka. Kwa tofauti ya nyuzijoto 10, uzi ule mwembamba hushuka takriban sehemu moja ya saba ya nusu toni. Kwa hiyo gitaa hushuka kwanza. Ubao hauna haraka; huchukua saa nyingi, pengine siku, kushiba unyevu, ndipo unapopandisha. Mimi nilikuwa nasikiliza dakika kumi za mwanzo na kwenda zangu.

Ukitaka kichekesho, nenda kwenye kikundi cha taarabu chenye gitaa na kanuni (ile ala ya nyuzi, si ile ya sheria). Daraja la kanuni hukaa juu ya vipande vya ngozi. Unyevu ukizidi, ngozi hulegea, daraja huzama, sauti hushuka, wakati gitaa la kiti cha pili linapanda. Mwenye gitaa ana nyuzi sita za kurekebisha. Mwenye kanuni ana zaidi ya sabini, na wote wanasubiriwa na bibi harusi mmoja.

Akirudi Dodoma, mpiga gitaa huyaona hayo kinyumenyume. Ubao hukauka, tumbo hushuka, sauti nayo hushuka. Shingo ya gitaa hupungua upana, lakini freti ni za chuma na hazipungui, kwa hiyo ncha zake hubaki zimechomoza pembeni. Huzihisi kwenye kiganja mara ya kwanza anapotelezesha mkono kwenda juu.