Je, wajua kwa nini sarafu ya dhahabu iliyokosa wanunuzi jana ndiyo ghali leo?

Mwaka 1915 jiji la San Francisco, Marekani, lilifanya maonyesho makubwa ya kimataifa kusherehekea kufunguliwa kwa Mfereji wa Panama. Katika maonyesho hayo ziliuzwa sarafu kadhaa za ukumbusho, mbili kati yake zikiwa za dhahabu, za dola 50 kila moja. Moja ni ya duara, nyingine ina pembe nane. Zote zina kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi, amevaa kofia ya vita. Ukizigeuza unamkuta bundi ametua kwenye tawi la msonobari. Uzito ni uleule, gramu 83.59. Dhahabu ni ileile, asilimia 90. Hata mchongaji ni yuleyule, Robert Aitken. Lakini ukizikuta leo zikiwa katika hali sawa, ya duara kwa kawaida inaishinda bei ya pembe nane.

Sababu ni kwamba wageni wa mwaka ule waliipenda zaidi ile ya pembe nane. Umbo lake liliwakumbusha sarafu nzito za dhahabu, za pembe nane vilevile, zilizotumika California miaka ya 1850 watu walipomiminika huko kutafuta dhahabu. Tena ya pembe nane ina pomboo waliochorwa pembeni, na ya duara haina. Zilitengenezwa takriban 1,500 za kila aina. Za pembe nane zilinunuliwa 645, za duara 483 tu. Zilizododa zilirudishwa kwenye tanuri zikayeyushwa. Ile ambayo wageni waliiruka ndiyo iliyobaki chache, na uchache huo ndio mkusanyaji wa leo anaoulipia.

Wageni wale hawakuwa wajinga. Sarafu ya dola 50 iliuzwa dola 100, na hizo zilikuwa fedha nyingi mno kwa mtu wa kawaida. Ukitoka nayo pale ukaenda benki, ingehesabiwa dola 50 tu.

Jambo kama hilo lilikuwa limekwisha kutokea mjini St. Louis. Maonyesho ya mwaka 1904 pale yaliadhimisha miaka 100 tangu Marekani iliponunua eneo la Louisiana kutoka Ufaransa. Zilitengenezwa dola za dhahabu 250,000, nusu zikiwa na sura ya Rais Jefferson na nusu ya Rais McKinley. Ni vidude vidogo mno, upana wake milimita 15, uzito gramu 1.672. Muuzaji, Farran Zerbe, alitaka dola tatu kwa kila sarafu ya dola moja. Watu wakasita. Alijaribu kuwavutia kwa kuzipachika kwenye bruchi, pini za tai na vijiko, lakini hata hivyo zaidi ya 200,000 ziliishia kuyeyushwa. Zilizosalia ni kama 35,000.

Kwa hiyo ukisoma katika kitabu cha bei kwamba sarafu fulani ilitengenezwa kwa idadi kubwa, usiishie hapo. Uliza ngapi ziliuzwa, na ngapi zilirudi tanurini. Wanaoanza kukusanya huikariri idadi iliyotengenezwa kana kwamba ndiyo iliyopo. Kwa sarafu za dhahabu kosa hilo ni kubwa kuliko kwa sarafu nyingine, kwa sababu kila dhahabu inapopanda bei, kuna mtu mahali fulani anaipeleka sarafu yake kwa sonara. Serikali nazo zimeyeyusha. Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt aliwaamuru wananchi wa Marekani kuisalimisha dhahabu yao, na sarafu nyingi za kawaida zikaishia kuwa vipande vya kuhifadhiwa ghalani. Amri ile, hata hivyo, ilizisamehe sarafu adimu zenye thamani maalumu kwa wakusanyaji. Sentensi moja ndani ya amri ikaziokoa.

Sasa turudi kwenye sarafu iliyo mkononi mwako. Bei yake ina sakafu, na sakafu hiyo ni dhahabu iliyomo. Hesabu yake ni rahisi: uzito mara kiwango cha usafi, kisha mara bei ya dhahabu ya siku hiyo kwa gramu. Ukiona bei imetajwa kwa wakia, kumbuka wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, si 28.35 kama ile inayopimia bidhaa nyingine. Sovereign, sarafu ya dhahabu ya Uingereza, kwa mfano, ina gramu 7.98 za dhahabu ya karati 22, yaani dhahabu tupu gramu 7.32. Ile dola ndogo ya St. Louis ina gramu moja na nusu tu, lakini bei yake imeiacha sakafu mbali sana. Umbali huo kati ya sakafu na bei ndio unaoonyesha uadimu na hali ya sarafu. Sarafu nyingi za ukumbusho za siku hizi, zinazouzwa kwenye sanduku zuri pamoja na cheti, hubaki jirani na sakafu ukienda kuziuza tena, kwa kuwa karibu kila aliyezinunua amezitunza. Ni zawadi nzuri. Mimi nisingezinunua kwa kutegemea faida.

Kuhusu hali, wapimaji hutumia alama kuanzia 1 hadi 70. Kipimo hicho kilianzishwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, kisha kikaenea kwa sarafu za kila aina. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijapita mikononi kwa matumizi. Kati ya 63 na 65 jicho lisilozoea haliambui kitu, lakini mnadani tofauti hiyo inaweza kuwa pesa nyingi.

Jizoeze hivi. Ishike sarafu kwa ukingo wake, chini ya taa moja tu, kisha iinamishe polepole. Kama uso wake haujaguswa, utaona mwale wa mwanga ukizunguka juu yake kama spoku za gurudumu. Ni vimistari vidogo sana vilivyobaki pale dhahabu ilipotiririka chini ya shinikizo la mashine. Mtu akiisugua sarafu hata mara moja, kwa kitambaa na dawa ya meno tu, vimistari hivyo vinafutika. Itang'aa, ndiyo, lakini mng'ao wake utakuwa umetulia, hauzunguki, na ukiweka lenzi ya kukuza utaona mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja. Hakuna fundi wa kuurudisha uso ule. Inauma kuona sarafu iliyovuka miaka mia moja salama ikaharibiwa asubuhi moja na mrithi aliyetaka ipendeze kabla ya kuiuza. Usiisafishe. Madoa mekundu unayoyaona hutokana na shaba iliyochanganywa na dhahabu, na mkusanyaji anayajua.

Tazama ukingo pia. Sarafu iliyowahi kuwa kidani huacha alama ya lehemu au sehemu iliyolainishwa na tupa, na hapo bei huporomoka hadi karibu na sakafu. Dola nyingi za St. Louis zimepatwa na hilo, kwa sababu ya zile bruchi.

Za bandia je? Kuna njia ya zamani isiyochuja. Pima sarafu kwenye mizani nyeti, kisha ipime tena ikiwa imening'inia ndani ya maji kwa uzi mwembamba. Gawanya uzito wa kwanza kwa kiasi kilichopungua. Sovereign halisi hupungua kama gramu 0.45, na jibu huwa karibu na 17.6. Shaba iliyochovywa dhahabu itakupa jibu la chini sana. Ila mizani ina mpaka wake. Mwigaji wa sarafu adimu hahitaji kubania dhahabu, maana faida yake iko kwenye uadimu. Anaweza kutumia dhahabu halisi, kwa uzito kamili, na maji yakampitisha. Anayemnasa ni jicho: herufi zenye kingo butu, vijivimbe vidogo mahali panapotakiwa kuwa laini, au kialama cha kuonyesha kiwanda ilikotengenezwa, kilichoongezwa baadaye. Kwa sarafu ya bei kubwa, mpelekee mpimaji anayejitegemea, asiye na haja ya kuinunua.

Na ukienda, beba kila kilichokuja nayo: bahasha, kisanduku, barua ya aliyeinunua. Kule San Francisco seti kamili ya sarafu tano iliuzwa dola 200, ikiwa kwenye fremu ya shaba yenye kioo. Wengi walizitoa sarafu wakatupa fremu. Leo fremu ile, hata ikiwa tupu, ina wanunuzi wake.