Prosesa ya kifahari au risiva ya kawaida?

Juzi mzee mmoja wa Nyali alinionyesha picha kwenye simu. "Fundi, niagizie hii." Ilikuwa Marantz AV 10, prosesa, yaani ubongo wa kugawa sauti ya sinema kwa spika, ya chaneli 15 (kila spika na chaneli yake) na sabufa nne, zile spika za besi. Nikamuuliza ana spika ngapi. Saba, na sabufa moja. Nikamweleza kwamba ndani ya AV 10 hamna hata amplifaya moja, ile ya kuzipa spika nguvu. Hizo angenunua kando, na chaneli nane zingekaa bure.

Kabla ya kuzungumza bei nilisimama katikati ya sebule nikapiga kofi. Mwangwi wake ulilia kama wa bafuni. Sakafu ya vigae, kuta za bloku zilizopigwa lipu, vioo upande mzima, pazia jembamba. Nyumba zetu za pwani hujengwa zipitishe upepo, na sauti hugonga huku na huku humo ndani.

Kwa hiyo mimi, katika mashine yoyote, kwanza natazama ile programu ya kurekebisha sauti ya chumba. Unaweka maikrofoni pale unapokaa, spika zinalia moja moja, mashine inapima umbali, ukubwa wa sauti na mawimbi yaliyozidi au kupungua. Besi ndiyo hufaidika zaidi. Mwangwi wa vigae hauondolewi na programu yoyote. Huo dawa yake ni zulia na pazia zito.

Nilimpendekezea Denon AVR-X3800H, risiva, yaani prosesa na amplifaya ndani ya sanduku moja. Ina amplifaya tisa na inachakata chaneli 11, sabufa nne zikipangwa kila moja peke yake. Programu yake ya kurekebisha chumba ni Audyssey MultEQ XT32, na ukitaka nyingine, Dirac Live, unailipia baadaye. Muhimu kuliko yote, nyuma ina matundu ya kutolea kila chaneli. Siku ukitaka nguvu zaidi unachomeka amplifaya ya nje, na risiva inabaki kufanya kazi ya prosesa.

Na hiyo nguvu yenyewe watu huidhania mno. Kutoka wati 100 hadi 200 unaongeza desibeli 3 tu: utasikia tofauti, lakini majirani hawatahama. Ukizituma besi zote za chini ya hezi 80 kwenye sabufa, amplifaya inapumua. Iache ipumue kwelikweli, isifungiwe kabatini. Joto na unyevu wa chumvi wa Mombasa nimeshaona vikila vichwa vya waya.

AV 10 ningemuuzia mtu mwenye chumba maalumu cha sinema na spika kumi na zaidi. Kwa sebule ya mzee, hapana.

Akauliza kama mwanawe aliye Marekani anaweza kumletea hiyo Denon, maana kule bei iko chini. Mashine za kule ni za volti 120, zetu 240. Kuna transfoma za kushushia, ila ya kubeba risiva ni nzito, nyingine zinanguruma, na dhamana mara nyingi haivuki bahari. Akacheka, akasema basi aanze na zulia.