Je, wajua kwa nini sumu ya ziwa hutafutwa ndani ya samaki?

Chota maji ya ziwa, yapeleke maabara, uulize kama yana zebaki. Mara nyingi utajibiwa kwa namba ndogo mno, nanogramu chache kwa lita au hata chini ya hapo, na mvua ikinyesha kesho namba hiyo itabadilika. Lakini samaki mwindaji aliyevuliwa humo humo anaweza kuwa na zebaki iliyokolea mara milioni moja kuliko maji anamoogelea. Maji husimulia habari za leo tu. Samaki amebeba za miaka yote aliyoishi.

Mambo huanzia kwenye tope. Bakteria wa mahali pasipo na oksijeni huigeuza zebaki kuwa methili ya zebaki, ambayo huingia mwilini upesi na kutoka kwa taabu. Mwani huinyonya, vijidudu hula mwani, samaki wadogo hula vijidudu, wakubwa huwala wadogo, na kila mlaji hurithi deni la aliowala. Wala si lazima kuwe na kiwanda karibu: zebaki ya moshi wa makaa ya mawe husafiri na upepo hadi maziwa ya mbali. Hata bwawa jipya la umeme, maji maangavu kabisa, linaweza kutoa samaki wenye zebaki nyingi kwa miaka kadhaa, maana udongo na mimea iliyozama huwa karamu kwa bakteria hao.

Kumpima samaki kunataka nidhamu. Samaki wa miaka 12 na wa miaka 2 hawalinganishiki, hata wakivuliwa kwenye wavu mmoja. Kwa hiyo huchaguliwa aina ile ile, urefu ule ule, msimu ule ule, mwaka baada ya mwaka. Kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, mpango wa Marekani ulioanza miaka ya 1970 hufuatilia trauti wa ziwani wenye urefu wa milimita 600 hadi 700. Umri nao husomwa kwenye kijiwe cha ndani ya sikio la samaki, chenye pete kama za gogo la mti.

Halafu kuna swali la sehemu gani ipimwe. Anayejali mlaji hupima minofu. Anayejali ndege na wanyama wanaommeza samaki mzima humsaga mzima. Zebaki hung'ang'ania protini za nyama, kwa hiyo kuondoa ngozi na mafuta hakusaidii kitu. DDT, ile dawa ya kuua wadudu, na kemikali za PCB, zilizotumika sana kwenye transfoma, hukaa kwenye mafuta, na hapo kisu husaidia kiasi. Mimi nikisoma kwamba "samaki wana sumu" bila kuambiwa urefu wala sehemu iliyopimwa, huiweka taarifa hiyo kando.

Namba ya maabara hugeuka ushauri kwa hesabu fupi. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, walikadiria kuwa mtu aweza kuvumilia mikrogramu 1.6 za methili ya zebaki kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anapata 96. Samaki akiwa na mikrogramu 500 kwa kilo, gramu 190 hivi za minofu zinamaliza fungu la wiki nzima.

Sehemu ya sampuli mara nyingi haipimwi. Hugandishwa na kuwekwa kwa miaka, kwa sababu kemikali ya kesho bado haina hata jina kwenye orodha. Msweden Sören Jensen alikuwa akitafuta DDT alipokuta alama asizozitambua kwenye vipimo vyake. Mwaka 1966 alitangaza kuwa zilikuwa PCB, na alikuwa amezikuta kwenye samaki waitwao paiki kutoka sehemu mbalimbali za Sweden. Zimekuwapo tangu lini? Jibu lilikuwa limetunzwa kwenye makumbusho: manyoya ya tai yalionyesha PCB tangu 1944. Kisha akapima nywele zake mwenyewe, za mkewe na za binti yao mchanga, akazikuta humo pia.