Choo Kikijaa, Kikititia: Kwa Nini Vyoo vya Vijijini Havidumu

Kampeni ya vyoo kijijini huhesabiwa siku mradi unapofungwa: kaya ngapi hazikuwa na choo, ngapi sasa zinacho. Hesabu hiyo ni ya kweli siku ile. Misimu miwili ya mvua ikishapita, kuna mashimo yaliyobomoka kingo, kuna magogo ya sakafu yaliyoliwa na mchwa, kuna vyoo vilivyojaa hadi juu, na wenye nyumba wamerudi vichakani kimyakimya. Kwa hiyo swali lenye uzito ni hili: choo cha kwanza kikiisha, je, kaya itajenga cha pili kwa nguvu zake yenyewe? Lengo la 6 la Maendeleo Endelevu linataka kujisaidia ovyo kukomeshwe ifikapo mwaka 2030, na ahadi hiyo inategemea choo cha pili na cha tatu kuliko kile cha kwanza.

Udongo ndio unaoamua

Vyoo vingi vya shimo hufa kwa kubomoka kabla havijajaa. Sababu ni udongo, lakini mara nyingi udongo huwa haukupimwa. Kipimo chake hakihitaji maabara. Chukua udongo wa kina cha mita moja hivi, uloweshe, uufinyange kama kidole. Ukisambaratika mkononi, ni wa kichanga, na shimo lake lazima lijengewe kutoka chini hadi juu. Ukishikana vizuri, yatosha kujengea sehemu ya juu, nusu mita hadi mita moja, kwa sababu hapo ndipo maji ya mvua hulegeza kingo na ndipo sakafu inapokalia.

Kujengea shimo kuna siri yake. Nusu mita ya juu hujengwa kwa tofali na mchanganyiko wa saruji na mchanga usiopitisha maji. Chini ya hapo, viungo vya wima kati ya tofali huachwa wazi ili majimaji yapenye kwenda ardhini. Fundi anayeziba kila kiungo kwa nia njema amejenga tangi. Litajaa mapema mno, na lawama ataibeba mtumiaji.

Ardhi yenye maji karibu ni mtihani mwingine. Shimo likichimbwa mwishoni mwa kiangazi, maji ya ardhini yako chini kabisa, na mchimbaji anaondoka akiamini pako salama. Mvua zikikolea, maji hupanda, kinyesi huelea, na uchafu huingia moja kwa moja kwenye maji yanayolisha visima. Waulize wenye visima vya jirani maji hufika wapi wakati wa mvua kubwa, kisha pima kutoka hapo: kitako cha shimo kibaki angalau mita 2 juu ya usawa huo. Pasipowezekana, chimba kifupi na upandishe kuta za shimo juu ya ardhi, kisha uzungushie kifusi kilichoshindiliwa ili choo kikae juu ya tuta. Hivyo hivyo hufanywa penye mwamba. Umbali wa mita 30 kutoka kwenye kisima, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko, ni kanuni ya kawaida. Ila kwenye miamba yenye nyufa, mita 30 si kinga ya kutegemewa, kwa kuwa maji hupita ndani ya ufa bila kuchujwa na udongo.

Jambo moja la usalama lisirukwe. Mtu asichimbe peke yake. Kifusi kiwekwe mita moja au zaidi kutoka ukingoni, na kwenye udongo legevu kuta zizuiwe kwa mbao au pete za zege kila kina kinapozidi mita 1.5. Na shimo lililokwisha kutumika haliingiwi na mtu kwa sababu yoyote ile, hata kama ni kufuata simu iliyoanguka. Hewa ya ndani inaweza kukosa oksijeni, na gesi yake huua haraka. Anayeingia kumwokoa wa kwanza huwa maiti wa pili.

Hesabu ya kujaa

Kinyesi kikioza ndani ya shimo kavu, hubaki takriban lita 60 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kaya ya watu 5 basi huacha lita 300 kila mwaka, na kwa miaka 8 ni lita 2,400. Shimo la duara lenye kipenyo cha ndani cha mita 1 lina nafasi ya lita 785 hivi kwa kila mita ya kina, kwa hiyo linahitaji mita 3 na kidogo. Ongeza nusu mita ya juu ambayo haitumiki, maana choo hufungwa kinyesi kikibakiza sentimita 50 kufikia sakafu, unapata mita 3.6 hivi. Kaya ikiambiwa namba hii kabla ya kuchimba, inajua inanunua miaka mingapi.

Sasa watu wakijipangusa kwa karatasi ngumu, magunzi au mawe, kadirio hupanda hadi lita 90 kwa mtu. Shimo lile lile la miaka 8 linakuwa la miaka 5 na ushee. Taka za nyumbani, chupa za plastiki na nepi za kutupa huzidisha kasi, tena haziozi. Majivu ni mazuri: konzi moja baada ya kwenda haja kubwa hupunguza harufu na nzi. Ndoo nzima kila siku ni kujaza shimo kwa mikono yako. Dawa kali za kuulia vijidudu nazo huwaua hata wale vijidudu wanaoozesha kinyesi, na wale ndio wafanyakazi wa choo.

Maji ya kuogea yasielekezwe shimoni. Huloanisha kuta za udongo hadi zititie, na shimo lenye maji machafu ni mazalio ya mbu aina ya Culex, ambao katika nchi nyingi za joto hueneza matende na mabusha.

Sakafu, harufu na nzi

Magogo yaliyofunikwa udongo hayagharimu kitu siku ya kwanza. Lakini hayasafishiki, hunyonya mkojo, huliwa na mchwa kwa upande wa chini usioonekana, na siku ya kuvunjika hayatoi taarifa. Mtoto aliyewahi kusikia kuwa sakafu imemzamisha mtu hatakanyaga choo tena, na hakuna mhamasishaji wa kumbishia. Ikiwa kaya ina fedha ya kununua kitu kimoja tu, kinunuliwe sakafu. Kuta na paa vyaweza kuwa vya nyasi.

Bamba la zege la duara lenye kipenyo cha mita 1.2 na unene wa sentimita 4, lililobinuka katikati kama mgongo wa chungu, halihitaji nondo, maana umbo lenyewe hubeba uzito. Uwiano ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 3, na maji kidogo. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa mabamba mawili bila kubana. Tundu lisizidi upana wa sentimita 18 ili mtoto asipite. Kosa linaloharibu mabamba mengi ni haraka: zege hufunikwa na kumwagiwa maji kwa siku 7, likiachwa likauke juani hupasuka. Uzito wake ni kama kilo 100, na kwa kuwa ni duara, watu wawili huliviringisha hadi shimo jipya. Hapo ndipo choo cha pili kinapokuwa rahisi: shimo jipya, bamba lile lile.

Choo chenye bomba la hewa kilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, na ni ubunifu unaoharibiwa kwa mambo madogo. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta hewa ya shimoni, hewa safi huingia kupitia tundu, harufu huishia angani. Nzi waliomo shimoni hufuata mwanga uliopo juu ya bomba, hukuta wavu, hufia hapo. Ili hayo yatokee, bomba la plastiki liwe na kipenyo kisichopungua milimita 110, lisimame wima bila kona, lipite sehemu ya juu kabisa ya paa kwa sentimita 50, na wavu uwe na matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5. Chumba kiwe na giza kiasi. Fundi akiweka dirisha kubwa, nzi hufuata dirisha. Kifuniko kikibana tundu, hewa haizunguki. Na wavu wa chuma cha kawaida hutobolewa na kutu kwa sababu ya gesi ya shimoni. Tangu siku hiyo bomba halizuii nzi tena.

Choo cha kumwagia maji ni kizuri zaidi palipo na maji. Kila mara huhitaji lita 2 hadi 3. Watu 5 wakienda mara nne kwa siku, ni hadi lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Kama mama mmoja ndiye anayebeba maji hayo umbali wa saa nzima, choo hicho kitaziba ndani ya mwezi. Kikiwa na mashimo mawili yanayopokezana, shimo lililojaa hupumzishwa miaka 2 kabla ya kupakuliwa, kwani mayai ya minyoo ni sugu. Wengi huunganisha mashimo yote mawili kwa pamoja. Yanajaa pamoja, na faida yote imepotea.

Aibu, ruzuku na wanaobaki nyuma

Mbinu ya kuhamasisha jamii nzima ijione inakula kinyesi chake kupitia nzi na maji, iliyoanzishwa Bangladesh na Kamal Kar, mtaalamu wa maendeleo kutoka India, karibu na mwaka 2000, imewaamsha wengi. Udhaifu wake uko baada ya kuamka. Aibu humfanya mtu achimbe, haimfundishi kujengea shimo kwenye mchanga. Faini ndiyo mbaya kuliko aibu: huzaa vyoo vya maonyesho, vyenye kufuli, ndani mna majembe na magunia.

Ruzuku nayo ina mwiba. Mabamba yakigawiwa bure kwa baadhi ya kaya, nyingine huahirisha kujenga zikingoja zamu. Lakini kusema hakuna ruzuku kabisa ni kumwambia bibi wa miaka 80, au mtu asiyeweza kuchuchumaa, achimbe mita 3 peke yake. Fedha ielekezwe kwao, na kwa kaya zilizo kwenye mchanga au majimaji ambako choo cha kudumu hugharimu zaidi. Kiti, kishikio cha ukutani na njia isiyo na ngazi huongeza gharama kidogo sana kikipangwa mapema. Kinyesi cha watoto wachanga kisisahaulike: kina vimelea kama cha mkubwa, nacho kitupwe chooni.

Kutembelea baada ya mvua

Bajeti ya mradi ibakize fungu la ziara ya baada ya msimu wa kwanza wa mvua. Anayekagua asiulize kama choo kinatumika, kwa kuwa jibu ni ndiyo siku zote. Atazame njia: je, imekanyagwa? Kuna utando wa buibui tunduni? Kibuyu chirizi, yaani chombo cha kunawia mikono, kina maji, na sabuni ipo? Udongo umepasuka kuzunguka sakafu? Kisha afunge jiwe kwenye kamba, alishushe kupitia tundu, asome kina kilichobaki na kukiandika pamoja na tarehe. Vipimo viwili vya miaka miwili tofauti vinatosha kukadiria mwaka wa kujaa. Kaya iliyobakiza mita moja na nusu chini ya sakafu, yaani mita moja ya kutumika, ianze kuchagua mahali pa shimo jipya kiangazi kinachofuata, wakati ardhi ni kavu na mikono ina nafasi.